Aprili 23: sikukuu ya England iliyoachiwa wenye maduka

Aprili 23 inapokaribia, baa nyingi za England hutundika vibendera vya msalaba mwekundu, supamaketi hupanga rafu za vikombe, kofia za plastiki na keki za rangi nyekundu na nyeupe, na viwanda vya bia huvisha chupa zao picha ya askari aliyepanda farasi akimchoma joka mkuki. Ni Siku ya Mtakatifu George, msimamizi wa England. Lakini kukicha, watu huenda kazini kama kawaida. Shule na benki ziko wazi. Hakuna gwaride la kitaifa wala hotuba ya mkuu wa nchi, na asiyepita karibu na baa au duka anaweza kuimaliza siku bila kujua kwamba ilikuwa sikukuu ya taifa lake.

Kila mwaka hutokea mtu akalalamika kwamba wafanyabiashara wameinajisi siku hiyo. Malalamiko hayo nayaelewa, ila naona yanaianza habari katikati. Wafanyabiashara hawakukuta sherehe iliyo hai wakaiharibu. Walikuta kiwanja kitupu ambacho wafalme, Bunge na Kanisa walikuwa wamekitelekeza kwa vizazi vingi, wakajenga kibanda chao hapo. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini kiwanja kilikuwa kitupu.

Tutenganishe majina kwanza, maana huku kwetu neno Uingereza hubeba mambo mawili kwa pamoja. Katika makala haya, England ni lile taifa moja lenye zaidi ya watu milioni 57. Uingereza ni ufalme mzima: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Asiyeshika tofauti hiyo hataelewa kwa nini taifa kubwa kuliko yote ndani ya ufalme ndilo lenye sikukuu dhaifu.

George mwenyewe hakuwa mtu wa England, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuikanyaga. Mapokeo yanamtaja kuwa askari wa jeshi la Roma mwenye asili ya Kapadokia, katika Uturuki ya leo, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwanzoni mwa karne ya 4, Kaisari Diokletiano alipokuwa akiwatesa Wakristo. Kaburi lake liliheshimiwa Lida, huko Palestina. Habari ya joka ilikuja karne nyingi baadaye. Wahabeshi wanamheshimu kwa dhati, na kanisa lake la Lalibela, lililochongwa lote ndani ya mwamba, ni miongoni mwa majengo ya ajabu kabisa barani Afrika. Nchi ya Georgia inamwenzi, Catalonia, jimbo la Hispania lenye mji wa Barcelona, vilevile, na Wakristo wa Palestina humwona kuwa ndugu yao wa damu.

England kabla yake ilikuwa na watakatifu wake wa nyumbani, wafalme Edmund na Edward Muungamishi. George aliingia kupitia vita. Mwaka 1348 hivi Edward III alianzisha Nishani ya Garter, udugu wa mashujaa wa kifalme, akamweka George kuwa msimamizi wake. Mwaka 1415, baada ya Henry V kuwashinda Wafaransa huko Agincourt, Askofu Mkuu wa Canterbury aliipandisha Aprili 23 ikawa miongoni mwa sikukuu kubwa za mwaka. Hapo ndipo siku hiyo ilipofikia kilele chake. Karne moja baadaye yakaja Matengenezo ya Kanisa, na heshima kwa watakatifu ikapunguzwa. George alinusurika kwenye bendera kuliko alivyonusurika madhabahuni.

Hata leo Kanisa la England huihamisha siku yake bila wasiwasi. Aprili 23 ikiangukia ndani ya juma la Pasaka, ibada husogezwa hadi juma hilo liishe. Mwaka 2025 Pasaka ilikuwa Aprili 20, hivyo kanisani George alikumbukwa Jumatatu ya Aprili 28. Baa na maduka yalishika tarehe 23 ileile. Kalenda ya ibada na kalenda ya mauzo zimeshaachana.

Jambo lililoiua sikukuu kabisa, kwa maoni yangu, lilikuwa mafanikio. Mwaka 1707 England iliungana na Scotland kuwa ufalme mmoja, na mwaka 1801 Ireland ikaongezwa. Mkubwa wa muungano hakuwa na haja ya kujitambulisha kwa jina lake: Bunge lilikuwa London, mfalme alikuwa London, na lugha ya serikali ilikuwa yake. Waskoti na Wawelishi walilazimika kulinda kumbukumbu zao zisimezwe. Watu wa England walijiona wamo ndani ya kila kitu, wakaacha cha kwao kilale. Kisha himaya ikatanda duniani, na uzalendo ukahamia huko.

Siku iliyosherehekewa kwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ya himaya hiyo, Mei 24, tarehe aliyozaliwa Malkia Victoria. Watoto wa shule waliandamana na kuipigia bendera saluti, England kwenyewe na katika makoloni. Wako wazee wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliosoma shule za wakoloni wakapangwa mistari siku hiyo kuimbia ufalme wa mbali.

Na hapo ndipo biashara ilipoingia, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1926 serikali ya Uingereza iliunda Bodi ya Masoko ya Himaya, ikaipa kazi ya kuwashawishi watu wa nyumbani wanunue bidhaa za makoloni na za nchi nyingine za himaya. Bodi ilichapisha mabango, ikatengeneza filamu, ikasambaza mapishi. Pishi lililovuma kuliko yote ni la pudini ya Krismasi ya mwaka 1927, lililotoka kwa mpishi wa Mfalme George V. Kila kiungo kiliandikiwa kilikotoka: zabibu kavu za Australia, maganda ya matunda yaliyokolezwa sukari kutoka Afrika Kusini, ramu ya Jamaica, na robo aunsi ya karafuu za Zanzibar. Mama wa nyumbani wa Leeds au Bristol aliambiwa kwamba akikoroga bakuli lile anaihudumia nchi yake. Mpishi aliyetoa pishi hilo, Cédard, alikuwa Mfaransa. Mkulima aliyepanda juu ya mkarafuu wa Pemba hakuwa na habari kwamba mavuno yake yamegeuzwa kiungo cha mapenzi ya nchi isiyo yake.

Naurudia mfano huu kila nikisikia kwamba zamani uzalendo ulikuwa safi na leo umeuzwa. Uliuzwa tangu zamani, na muuzaji mkuu alikuwa serikali yenyewe. Kilichobadilika ni kwamba wakati ule bidhaa zilibeba ujumbe uliopangwa na dola. Bodi ilivunjwa mwaka 1933, na himaya ikafuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tanganyika ilipata siku yake Desemba 9, 1961, Uganda Oktoba 9, 1962, Kenya Desemba 12, 1963. Kila taifa lililotoka chini ya utawala wa London liliondoka na tarehe ya kusherehekea. England haikuwa na mtawala wa kumkimbia, kwa hiyo haikupata tarehe. Siku ya himaya ilibadilishwa jina mwaka 1958 ikawa ya Jumuiya ya Madola, na polepole watu wa kawaida wakaisahau.

Kandanda ndiyo iliyoamsha msalaba mwekundu. Ukitazama picha za fainali ya Kombe la Dunia ya Julai 30, 1966, uwanjani Wembley, mashabiki wa England wanapeperusha bendera ya Uingereza nzima, ile ya buluu, nyekundu na nyeupe. Hawakuona tatizo. Miaka 30 baadaye, England ilipoandaa Euro 1996 na kupangwa kundi moja na Scotland, Wembley ileile ilijaa msalaba wa George. Mwaka uliofuata Scotland na Wales zilipiga kura ya kuwa na mabunge yao, na kufikia 1999 yalikuwa yanafanya kazi. England haikupewa lake. Hata wimbo wa taifa wa peke yake haina rasmi: timu ya mpira husimama kwa wimbo wa mfalme, ambao ni wa ufalme wote.

Basi likawepo taifa lililoanza kujiona upya, likiwa na bendera na timu, lakini halina siku, halina wimbo, halina baraza la kuamua lisherehekee nini. Anayeuza kitu hulisikia pengo kama hilo kabla ya mwanasiasa.

Wenye viwanda vya bia walikuwa na mfano jirani. Siku ya Mtakatifu Patrick, Machi 17, ilikuzwa kwanza na wahamiaji wa Ireland huko Amerika, ambako gwaride la New York lilianza mwaka 1762. Nyumbani Ireland ilibaki siku ya misa kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1927 ilizifunga baa siku hiyo, na zikabaki hivyo kwa miongo kadhaa. Tamasha kubwa la Dublin tunaloliona kwenye televisheni ni la mwaka 1996. Lakini lilipoanza lilikuta sherehe iliyokwisha kujengwa na watu waliokuwa ugenini wakihofia kusahau kwao. Guinness iliiuza siku ambayo tayari ilikuwa na mwili. Watengeneza bia wa England waliona wateja wao wenyewe wakinywa kwa heshima ya Ireland mwezi Machi, kisha Aprili hakuna kitu, wakaamua kuiga matokeo bila kuwa na chanzo chake.

Mfano mzuri ni bia ya Bombardier. Charles Wells, kiwanda cha familia cha mji wa Bedford, kiliitangaza kuwa kinywaji cha England, kikaifungamanisha na Siku ya Mtakatifu George, kikaunga mkono wito wa kuifanya siku ya mapumziko. Mwaka 2017 familia hiyo iliuza biashara yake ya bia kwa Marston's. Mwaka 2020 Marston's iliunganisha viwanda vyake na vya Carlsberg ya Denmark, na mwaka 2024 Carlsberg ikanunua sehemu iliyobaki. Kile kiwanda cha Bedford nacho kiliuzwa mwaka 2022 kwa Damm, kampuni ya bia ya Barcelona. Sina ugomvi na Wadenmaki wala Wakatalani. Hoja yangu ni kwamba uzalendo uliobandikwa kwenye chapa huuzwa pamoja na chapa, na mnywaji hataulizwa.

Siku isiyo na mapumziko wala desturi huweka mipaka hata kwa muuzaji. Krismasi ina chakula chake na zawadi zake. Pasaka ina mayai ya chokoleti. Siku ya Akina Mama ina maua. Siku ya George haina mlo unaojulikana, haina zawadi, haina mtu wa kutembelewa. Chama cha Royal Society of St George, kilichoanzishwa mwaka 1894, kimekuwa kikihimiza watu wavae waridi jekundu, na wachache huvaa. Skauti hufanya gwaride na ibada Jumapili ya karibu na tarehe hiyo, kwa sababu Baden-Powell, mwanzilishi wao aliyezikwa Nyeri, alimchagua George kuwa msimamizi wa skauti. Wakazi wa Stratford-upon-Avon humkumbuka Shakespeare, aliyefariki Aprili 23, 1616. Hayo ni mambo ya kweli na yanafanywa na watu wenyewe, ila hayauziki kwa wingi. Kwa hiyo duka huuza kile kinachobaki, yaani bia na bendera, na bendera nyingi hushonwa China. Tena msimu halisi wa bendera hizo si Aprili hata kidogo. Ni Juni na Julai ya mwaka wa Kombe la Dunia au Euro.

Machi 2024 ulizuka mgogoro unaoonyesha hali hii kwa uwazi. Nike ilizindua jezi mpya ya England, na nyuma ya kola msalaba wa George ulikuwa umetiwa rangi za zambarau na buluu pembeni mwa nyekundu. Kampuni ilieleza kwamba rangi hizo zilitokana na mavazi ya mazoezi ya mabingwa wa 1966. Waziri Mkuu Rishi Sunak alisema bendera ya taifa haichezewi. Keir Starmer, wakati huo kiongozi wa upinzani, alitaka Nike ifikirie upya. Chama cha Soka cha England kiliitetea jezi, na ikauzwa hivyohivyo. Toleo linalofanana na la wachezaji lilikuwa pauni 124.99.

Wengi walibishana kuhusu rangi. Mimi lililonigusa ni bei, na swali la nani ana mamlaka juu ya alama hiyo. Kama England ingekuwa na taasisi yake ya kitaifa inayoilinda, mjadala ungekwenda huko. Haipo. Jezi ndiyo vazi la taifa, mwenye haki ya kuishona ni kampuni ya Marekani, na mzazi mwenye watoto wawili anayetaka wajihisi sehemu ya nchi yao lazima ahesabu mshahara kwanza. Uzalendo wa aina hiyo unamwacha nje maskini ambaye pengine ndiye anayeupenda kuliko wote.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya viongozi waiogope siku hii, nayo haifai kuchukuliwa kirahisi. Vyama vya ubaguzi vilizinyakua bendera mapema. Chama cha National Front, kilichoanzishwa mwaka 1967, kiliandamana chini ya bendera ya Uingereza kudai wahamiaji weusi na Waasia wafukuzwe. Kundi la English Defence League, lililozaliwa Luton mwaka 2009, lilibeba msalaba wa George dhidi ya Waislamu. Kwa familia iliyotoka Mombasa, Kampala au Karachi, nyumba yenye bendera hiyo dirishani ilikuwa ya kupita haraka. Upande wa pili, watu wa kawaida wanaoipenda bendera bila chuki walihisi kudharauliwa na wasomi wa mijini. Novemba 2014 mbunge wa Labour, Emily Thornberry, alituma mtandaoni picha ya nyumba ya Rochester iliyotundikwa bendera tatu za George, gari jeupe la fundi likiwa mbele yake. Hakuandika tusi lolote. Wengi waliona kejeli, na jioni hiyohiyo alijiuzulu katika baraza kivuli la mawaziri.

Julai 2021, England iliposhindwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Euro, wachezaji watatu weusi waliokosa, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, walitukanwa mtandaoni kwa rangi yao. Mchoro wa Rashford ukutani huko Withington, Manchester, ulichafuliwa. Siku chache baadaye ulikuwa umefunikwa na mamia ya karatasi za upendo zilizobandikwa na majirani, na bendera za England zilikuwamo. Ile ilikuwa sherehe ya kitaifa kuliko chochote nilichokiona kikiuzwa mwezi Aprili. Kiangazi cha 2025 mambo yakageuka tena: misalaba ilianza kufungwa kwenye nguzo za taa na kupakwa rangi kwenye mizunguko ya barabara, Birmingham ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza, wakati ule ule wa maandamano dhidi ya hoteli za waomba hifadhi. Wengine walifunga kwa fahari, wengine kwa vitisho, na aliyepita chini yake hakuwa na njia ya kujua ni kipi.

Sensa nayo inaonyesha jinsi utambulisho huu ulivyo mwepesi kuyumba. Mwaka 2011, asilimia 57.7 ya wakazi wa England na Wales walijitaja kuwa watu wa England pekee. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 14.9 tu, na waliojitaja kuwa wa Uingereza pekee walipanda kutoka asilimia 19.1 hadi 54.8. Watu hawakubadilika moyo kiasi hicho ndani ya miaka 10. Sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokana na fomu: chaguo la Uingereza liliwekwa juu ya orodha. Mtu anayebadilisha jibu kwa sababu ya mpangilio wa fomu ni mtu ambaye majina yote mawili yanamkaa sawa.

Je, biashara yenyewe ni sumu? Barcelona inajibu la hasha. Huko Aprili 23 ni siku ya George yuleyule, kwa jina la Sant Jordi, na si siku ya mapumziko. Wanaume waliwapa wanawake waridi tangu zamani. Mchapishaji Vicenç Clavel alipendekeza siku ya vitabu katika miaka ya 1920 ili vitabu viuzwe, na mwaka 1930 ikahamishiwa Aprili 23. Tangu hapo watu hupeana vitabu na maua, mitaa hufurika meza za wauzaji, na zaidi ya vitabu milioni moja huuzwa. Ilikuwa mbinu ya kibiashara kabisa, haikuficha, na ikawa siku inayopendwa kuliko nyingi. UNESCO iliichukua tarehe hiyo mwaka 1995 kuwa Siku ya Vitabu Duniani. Tofauti naiona katika tendo lenyewe. Mkatalani hununua kitu ampe mwingine, kwa lugha ambayo utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, ulijaribu kuizima. Mtu wa England huuziwa kitu cha kujivika mwenyewe. Cha kwanza kinajenga uhusiano, cha pili kinakwisha mvaaji akivua.

Wanaotaka Aprili 23 iwe siku ya mapumziko wana hoja ya haki. England na Wales zina siku 8 tu za mapumziko kwa mwaka, na serikali imekuwa tayari kuongeza moja kwa ajili ya ufalme: harusi ya Prince William Aprili 29, 2011, mazishi ya Malkia Elizabeth Septemba 19, 2022, kutawazwa kwa Charles III Mei 2023. Ilani ya Labour ya mwaka 2017 iliahidi kuwapumzisha watu katika siku za watakatifu wote wanne wa ufalme, na chama kikashindwa uchaguzi. Serikali zimekuwa zikijibu kwamba gharama kwa uchumi ni kubwa. Kisheria si jambo gumu; tangazo la kifalme linatosha.

Ila Scotland imeshajaribu. Bunge lake lilipitisha sheria mwaka 2006 kuifanya Novemba 30, siku ya Mtakatifu Andrew, kuwa ya mapumziko. Sheria haiwalazimishi waajiri wala benki kufunga, na Waskoti wengi huenda kazini siku hiyo mpaka leo. Wanapomkumbuka mshairi wao Robert Burns Januari 25, siku isiyo na sheria wala mapumziko, hukusanyika usiku mezani wakala na kusoma mashairi yake kwa sauti.